Beji Kifuani pa Madina
Sehemu ya saba: Wakwe wanasikia

Kikombe cha Mzee Issack bado kiko hewani. Mliokiacha hapo Jumamosi iliyopita mtakikuta hapo hapo, katikati ya sahani na masharubu yake. Chai inapoa na hakuna anayethubutu kumeza mate.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki jana liliishia kufungia maandazi kabla hajalisoma, mambo yalikuwa hivi. Madina Dabaso, muuza maziwa wa Garsen, amekaa ukumbini kwake na wageni wa posa. Mzee Issack, mwenye ng'ombe wengi nje ya Tarasaa, amekuja na mkewe Kadra na mshenga wake Mzee Halake. Wanamtaka Nasteha, binti wa pekee wa Madina, aolewe na mtoto wao Jibril. Baba yake Nasteha ni marehemu, kwa hiyo amekaa Jilo, kaka yake Madina, mahali pake. Halwa imekatwa. Mzee Issack amekohoa ili atoe neno la mwisho.

Hapo ndipo beji ya kampuni ya Sikivu, iliyobanwa kwenye mtandio wa Madina, ilipowasha taa yake ya kijani na kusema, kwa sauti tamu ya msomaji wa taarifa ya habari:

"Madina, leo ni siku ya arobaini mfululizo unavuta moshi alfajiri. Ungependa Sikivu ikusaidie kuacha sigara?"

Tulikatia hapo. Sasa tuendelee.

"Nani anavuta sigara?" aliuliza Kadra.

"Hakuna," alisema Madina, mkono umeshaifunika beji. "Hii kitu imechanganyikiwa."

Lakini beji za kampuni ya Sikivu hazizibwi kwa kiganja. Ilikuwa na neno la pili.

"Pia tumeona unaongeza maji kwenye maziwa. Hongera, Madina. Maziwa mepesi ni mazuri kwa moyo."

Kikombe cha Mzee Issack kilirudi kwenye sahani.

Mwanamke wa Garsen unaweza kumwambia anavuta sigara naye akacheka. Muuza maziwa ukimwambia anatia maji, umemvua nguo sokoni. Na maziwa yenyewe yanatoka kwa ng'ombe wa nani? Wa huyo huyo mzee aliyekaa mbele yake.

"Maziwa ya ng'ombe yangu," alisema Mzee Issack polepole, "wewe natia maji?"

"Wallahi sijatia hata tone."

"Basi nani nadanganya? Wewe ama hii kitu?"

Madina alikuwa na sababu nyingine ya kuogopa, na hiyo mimi na nyinyi tunaijua, wazee hawaijui. Mzee Issack ameweka sharti moja: hataki mkwe wake asome. Anataka akae nyumbani, akamue, alee. Nasteha naye ana barua ya kuitwa chuo cha uuguzi Hola, ameikunja ndani ya msahafu wake, anaisoma kila siku kana kwamba maneno yatabadilika.

Leo alfajiri Jibril mwenyewe aliingia jikoni kwa Madina. Kwa watu hawa kijana hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, akimwona njiani anakata kona. Huyu akapiga hodi jikoni kwake. Akaomba Nasteha aambiwe akubali kila atakachosema mzee, kisha harusi ikipita yeye mwenyewe atampeleka Hola, na baba ataambiwa baadaye, taratibu, akiwa ameshiba.

Madina alikubali. Yeye aliachishwa darasa la nne ili akakamue, na hajawahi kumsamehe aliyemwachisha. Mpango ule aliupenda kuliko alivyompenda mkwe.

Jikoni walikuwa yeye na Jibril tu, na moto. Beji ilikuwa imeshavuliwa, inaning'inia msumarini.

"Aitwe mwenye hii kitu," alisema Mzee Halake, ambaye kazi ya mshenga inamlisha halwa kila wiki na hakutaka iharibike. "Si yule kijana wa kampuni yuko hapa Garsen?"

Hakuhitaji kuitwa mbali. Alikuwa hatua ishirini tu, hotelini kwa Kadii, anakula wali kwa samaki. Kadii, Mgiriama mnene wa sauti na wa moyo, rafiki wa Madina tangu mafuriko yale yaliyowaweka kambi moja, alimleta kwa mkono wake.

"Haya mwenyewe nimewaletea," alisema Kadii. "Hajamaliza kula, lakini atamaliza akijibu."

Valentine alikuwa kijana wa Nairobi mwenye fulana nyeupe iliyoandikwa SIKIVU: TUKO NAWE. Alivua viatu, akasalimu, akaketi na tableti yake mapajani kama mtu aliyekuja kupokea zawadi.

"Wazee, shikamooni. Mama Madina, usijali. Hiyo ni huduma mpya ya afya. Tumewawashia watu wote jana."

"Nani alikwambia uniwashie?"

"Wewe, mama. Ulikubali." Akapapasa tableti, akamwonyesha alama ya dole gumba. "Hii si yako? Ukurasa wa arobaini na moja."

"Niliweka dole kwa sababu ulisema asiyeweka hapati mwavuli."

"Na mwavuli ulipata, mama."

Kweli aliupata. Wauza maziwa wote wa Garsen waliupata, mwavuli wa zambarau wenye jina la kampuni, na ulivunjika mbavu kwa upepo wa kwanza. Beji ndiyo haikuvunjika.

"Lakini ulituambia inasikia tukiiita tu," alisema Madina.

"Inasikiliza mkiiita. Sasa, ili ijue mmeiita, lazima iwe inasikia."

Mzee Halake alilitafuna jibu hilo. "Kwa hiyo hii kitu nasikia kila saa, ili ijue saa ya kusikia."

"Haswa, mzee. Umeelewa haraka kuliko bosi wangu."

"Na nikiivua?" aliuliza Madina.

"Ukiivua inalala, mama. Fofofo."

Madina alishusha pumzi. Kama kuna neno zuri alilowahi kuambiwa na mtu wa Nairobi, ni hilo.

"Hayo inayosikia yanakwenda wapi?" aliuliza Jilo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema lolote zaidi ya karibuni.

"Mawinguni, mzee."

"Mawinguni kwa nani?" Kadii alidakia kutoka mlangoni. "Maana huko kuna Mwenyewe, na sidhani kama amewaruhusu."

Mzee Issack aliinua mkono. Alichoshwa na maneno. Ni mtu ambaye hajawahi kuwa na shaka juu ya nafsi yake, na leo hakuona sababu ya kuanza.

"Mimi sina la kuficha," alisema. "Hata mimi kampuni nalinipa, ile ya mkono. Wafugaji wote walipewa. Soma ya kwangu hapa mbele ya watu. Ikisema kweli kwangu, basi na kwa Madina imesema kweli, na sisi tunaondoka. Ikisema uongo, tunakunywa chai."

"Mzee, bangili zetu zinapatia asilimia tisini na tisa."

"Soma."

Mnaona mtego aliojitegea? Yeye hakuuona. Alikaa sawa, akaweka bakora yake kando, akangoja kusifiwa.

"Mtumiaji Issack," alisoma Valentine. "Hongera kwa mazoezi. Unatembea kilomita kumi na nane kwa siku."

Mzee Issack alimtazama Madina kuhakikisha amesikia.

"Usiku unalala kwa saa nne tu."

"Mwenye mifugo halali," alisema mzee.

"Unatafuna saa nane kwa siku."

Kadra aligeuza shingo, akamtazama mumewe.

"Lishe yako ni nzuri sana. Majani mengi. Na kwa mapigo ya moyo na joto la mwili, inaonekana..." Valentine alisogeza tableti karibu na macho, akaisogeza mbali. "Mzee, hii pengine tuongee kando."

"Nimesema sina la kuficha. Soma."

"Mzee, una mimba ya miezi sita."

Mbuzi wa jirani alisikika akijikuna ukutani.

"Ndiyo maana," alisema Kadra.

Mzee Halake alijaza ncha ya kilemba chake mdomoni. Haikusaidia. Mabega yalianza kumcheza, kisha tumbo, kisha akalala ubavu kabisa kwenye mkeka wa watu, mshenga mzima. Jilo alitoka nje akidai anatazama mvua, na mvua haikuwepo.

"Ni Dima," alisema Mzee Issack.

"Dima ndiye nani?" Valentine aliuliza, kidole tayari kurekebisha kumbukumbu.

"Ng'ombe. Ile nyekundu. Wewe mwenyewe ulisema bangili ivaliwe na anayeongoza. Mimi siwezi kuvaa bangili, mimi si bibi harusi. Dima ndiye anatangulia mtoni, wengine wote wanamfuata. Nikamfungia shingoni pamoja na kengele." Akafikiri kidogo, akaona ni haki amtetee mnyama wake. "Na mimba ni kweli iko nayo. Ya miezi sita, sawa sawa."

"Kwa hiyo mashine haikukosea," alisema Valentine akichangamka.

"Kwa hiyo ndiyo maana," alisema mzee, na sasa sauti yake ilipanda, "kila Jumatatu kuna mwanamke nanipigia simu, naniuliza kama nimeanza kliniki. Nani alimpa namba yangu?"

"Huyo atakuwa mshirika wetu."

"Mnao washirika wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili. Lakini wote ni watu wazuri."

Kicheko kilikatika. Hata Mzee Halake aliketi.

"Watu mia tatu wanajua Dima ana mimba," alisema Kadra, "na mimi nimeambiwa leo."

Madina aliona mlango umefunguka, akaingia nao mzima. Alisimama. Mwanamke huyu husimama hivyo sokoni mteja akitaka kumpunja, na wateja wake wanaujua mkao huo.

"Mzee Issack, imemwona ng'ombe ikasema ni wewe. Sasa nikuonyeshe ilichoona kwangu ikasema ni sigara. Nasteha, lete kibuyu."

Nasteha alitoka nyuma ya pazia, macho chini, kibuyu mikononi. Kadra alikipokea, akafungua kifuniko, akaingiza pua. Kila mwanamke aliyekamua katika nchi hii anaijua kazi hiyo: kibuyu huoshwa, kisha hutiwa kijinga cha moto ndani na kutikiswa, moshi ukaingia mpaka kwenye mishipa yake, ili maziwa yasichache njiani na yawe na ile ladha. Na anayefukiza hukohoa. Hakuna namna nyingine.

"Huu ni moshi wetu," alisema Kadra, na macho yalimlegea. "Mama yangu alikohoa hivi kila asubuhi mpaka anakufa. Hakuna mtu alimwambia anavuta sigara." Akamgeukia Valentine. "Wewe kwenu maziwa inatoka wapi?"

"Kwenye pakiti, mama."

"Pole."

Mzee Issack aliguna. Aliukubali moshi. Lakini mzee akishachekwa hutafuta mahali pa kujishikiza, na alipapata.

"Moshi sawa. Na maji? Hii kitu nasikia maji ikimiminika. Maji ilikwenda wapi?"

"Nasuuza kibuyu, nayamwaga nje."

"Nani alikuona?"

Hakuna aliyemwona. Nani humwangalia mwanamke akisuuza kibuyu alfajiri? Madina alitazama tableti. Kisha akamtazama Valentine.

"Sauti yenyewe unayo?"

"Zote, mama. Sisi hatutupi kitu."

"Ya leo alfajiri?"

"Hata ya mwaka jana."

Hapa mimi ningemvuta upindo wa buibui nikamwambia Madina, keti. Lakini mkono wa mwandishi haufiki Garsen. Yeye alikuwa amepiga hesabu zake na zilikuwa safi. Alisuuza akiwa ameivaa. Alifukiza akiwa ameivaa. Kisha akaivua atawadhe, akaitundika, na Jibril alikuja baadaye kabisa. Na ukiivua inalala. Fofofo.

"Basi cheza," alisema. "Wasikie wote."

Valentine aligusa kioo.

Ukumbi ulijaa jiko la Madina. Yakasikika maji yakimiminwa, yakatikiswa ndani ya kibuyu, tena, tena, kisha yakarushwa nje kwa mpigo mmoja. Kuku alipiga kelele. Sauti ya Madina ikasema: "Na wewe umekaa hapo kufanya nini, si unaona namwaga maji?"

Kadii alicheka kwa furaha mlangoni. "Kuku wa watu ndiye shahidi."

Ikafuata harufu, nakaribia kusema, maana kikohozi kile kilikuwa na moshi wake. Kisha maziwa yakimiminwa, mazito, polepole, na mtu yeyote mwenye masikio alijua hayo hayakuonja maji.

Mzee Issack alisikiliza mpaka mwisho wa mmimino. Alikuwa mkaidi, lakini maziwa anayajua kwa sauti.

"Safi," alisema. "Madina, nimekukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele yao."

Madina alifuta macho kwa mtandio, na kwa mara ya kwanza tangu siku iende mrama alijisikia mwenye nyumba.

"Kadra, mpe huyu kijana halwa," mzee aliendelea. "Amesumbuka. Na sisi tumalize. Binti ni mzuri, nyumba ni safi. Harusi ikipita atakuja kukaa kwetu, na hiyo habari ya kusoma iishe leo. Jilo, wewe nasema nini?"

Jilo, aliyerudi ndani akiwa na uso wa heshima, alimtazama dada yake. Madina aliinamisha kichwa. Nyuma ya pazia Nasteha aliinamisha chake pia, kama walivyopatana, na hakuna binti aliyewahi kudanganya kwa adabu nzuri namna hiyo.

"Tumekubali," alisema Jilo.

"Basi tusome Fatiha."

Mikono ilipanda. Ya Mzee Issack, ya Halake, ya Jilo, ya Kadra. Mikono ya Valentine haikupanda kwa sababu ilikuwa imejaa halwa mpaka vifundoni, na tableti ilikuwa pale pale mapajani mwake, na hakuna aliyekumbuka kumwambia aizime.

Ndani yake kulisikika kitu kidogo kikigusa chuma. Tik.

Madina alikijua. Ni beji ikitundikwa msumarini. Aliinua mikono yake na yeye, akangoja mashine ilale.

Haikulala.

Maji ya udhu yalidondoka, tone moja moja, yote yakasikika. Kisha kunong'ona. Madina alihitaji muda kidogo kutambua kwamba anachokisikia ni yeye mwenyewe akiswali, na baada ya salamu akimwomba Mola wake jambo ambalo hakuwahi kumwambia Kadii wala kaka yake. Waliichukua hata hiyo. Wakaiweka huko kwao pamoja na mimba ya ng'ombe.

"Kijana," alisema kwa sauti ndogo. "Inatosha."

"Subiri mama, wasikie ilivyo safi," alinong'ona Valentine, mdomo umejaa. "Hii iko msumarini kabisa, na bado inanasa kila kitu."

"Ulisema inalala."

"Inalala. Ila haizibi masikio."

Mzee Issack alikuwa ameshafumba macho, Bismillahi iko mdomoni. Madina alipiga goti ili aifikie tableti, lakini kati yake na Valentine kulikuwa na sinia, birika, na wanaume watatu wenye mikono juu. Mwanamke hawezi kuruka Fatiha.

Nyayo zikasikika. Nyayo za mwanamume anayejaribu kutosikika. Kisha, kwa sauti ya chini na iliyo wazi kabisa, akaingia ukumbini mtu pekee ambaye kwa desturi hakutakiwa kuwepo:

"Hodi, mama. Ni mimi, Jibril. Baba asijue nimekuja."

Kadra alifumbua macho kwanza. Hakuna mama asiyeijua sauti ya mwanawe.

Pazia lilitikisika. Kibuyu kilimponyoka Nasteha, kikagonga sakafu, kikabiringika mpaka miguuni pa Mzee Halake, na hakuna aliyekiokota.

"Ni ile habari ya Hola," tableti iliendelea.

"Zima," Madina alimwambia Valentine. "Zima, mwanangu, nakuomba."

Kidole cha Valentine kilikwenda kwenye kioo, kikateleza kwa mafuta ya halwa.

Mzee Issack aliteremsha mikono. Alijifuta uso nayo, taratibu, kama mtu aliyemaliza dua, ingawa dua haikuanza.

"Usizime," alisema. "Ongeza sauti."